Mama Aliyekwenda Kurudisha Mbwa

Wapendwa, kabla hatujaendelea na neno letu, naomba niwapeleke kidogo nyumbani kwa mama mmoja. Hamumjui, wala msimtafute, ni mama wa mfano tu. Tumwite Esnati, ili nisiwachoshe kwa kusema "yule mama, yule mama" mpaka saa sita.

Esnati alikuwa mfuma masweta. Baridi ya nyanda za juu mnaijua, mtoto haendi shule bila sweta. Mashine yake ya kufumia ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na shule zikikaribia kufunguliwa wazazi walijaa barazani kwake. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mbao, akiondoka leo unamwona wiki ijayo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na miti kumi na minne ya parachichi, na hiyo ndiyo iliyomfanya atafute mbwa. Watu walikuwa wanaingia na kuchuma. Wangechuma yaliyokomaa angevumilia, lakini walichuma hata machanga, yasiyolika wala kuuzika. Hilo ndilo lililomkera.

Akasikia kwamba upande wa pili wa mto, kwa Mzee Mwalongo, mbwa amezaa. Akaenda. Akawakuta watoto wanne, wananyonya kwa vurugu kama kawaida yao. Akamchagua mmoja wa kahawia mwenye kifua cheupe, kwa sababu ndiye aliyeacha kunyonya akaja kuvuta kitenge chake.

Mzee Mwalongo akamwambia, "Mama yao nimemlea mwenyewe. Mtoto hamgusi, mwizi hamwachi. Mchukue huyu. Ukiona tatizo lolote ndani ya wiki mbili, njoo uniambie. Mimi sihami hapa."

Basi akalipa, akampeleka nyumbani, akampa jina la Sajenti, akamlaza kwenye boksi la mabaki ya nyuzi pembeni ya mashine. Siku mbili za kwanza nyumba ilichangamka. Sajenti alikula uji wa dagaa mpaka tumbo likawa kama mpira, akalala, akaamka, akakimbiza kivuli chake. Esnati akawa anafuma huku anacheka peke yake. Mnaokaa peke yenu nyumbani kutwa nzima mnajua raha ya kuwa na kitu kinachopumua karibu yako.

Siku ya tatu Sajenti akaacha uji nusu. Ya nne hakuugusa kabisa. Choo chake kikawa cheusi. Ukimsimamisha anayumba, anakaa chini, anakuangalia.

Esnati akamfunga mgongoni kama mtoto, akampeleka mjini kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, hana maneno mengi. Akamfunua Sajenti mdomo kwa kidole gumba.

"Ona fizi zake," akasema. "Zilitakiwa ziwe nyekundu. Hizi ni nyeupe kama chaki."

"Ana nini?"

"Minyoo. Kuna aina inayong'ang'ania utumbo na kunyonya damu. Huyu ameipata kwenye maziwa ya mama yake."

"Kwa hiyo nimeuziwa mgonjwa."

"Umeuziwa mgonjwa, ndiyo. Sasa ni uamuzi wako. Unaweza kumrudisha, akurejeshee hela yako. Unaweza kumtibu, halafu ukamwomba muuzaji agharamie dawa. Wengine wanaomba wabadilishiwe mtoto mwingine, lakini hapo sikushauri. Wote wamenyonya kwa mama mmoja."

Wapendwa, lile neno la mwisho Esnati alilisikia, ila halikumwingia. Alichobeba moyoni kutoka pale ni moja tu, nimeuziwa mgonjwa. Hivi sisi hatuko hivyo? Unaambiwa maneno kumi, unaondoka na lile moja linalokupa haki ya kukasirika.

Hata hivyo alinunua dawa, maana hata mbwa wa kurudishwa inabidi afike akiwa hai. Akampa dawa ya minyoo kama alivyoelekezwa, akampa na ya kuongeza damu, akamchemshia maini na kumlisha kidogo kidogo kwa kidole. Akatupa matandiko ya zamani, akapiga deki sebule nzima. Siku mbili hakuna mabadiliko. Siku ya tatu Sajenti akaramba sahani. Ya nne akabweka, sauti yenyewe nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta.

Si angefurahi na kuyaacha hapo? Lakini angalieni moyo wa mwanadamu. Mbwa alikuwa anapona, hasira haikuwa inapona. Kila alipomwona anakula alikumbuka zile siku alizokataa uji. Na tuseme ukweli, hakuwa tena na haja ya kumrudisha Sajenti, angemrudishaje wakati anamlaza pembeni ya mashine yake? Alichotaka ni mzee yule aone aibu.

Jumamosi asubuhi akamweka Sajenti kwenye kikapu, akamfunika na kitenge, akavuka mto. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Mnajua jinsi tunavyopanga maneno njiani? Nitamwambia hivi. Akinijibu hivi, namjibu vile. Akapanga mpaka na hili, kwamba akifika hatasema shikamoo. Ataweka kikapu chini na kusema, "Mzee, chukua ugonjwa wako." Alilipenda sana hilo la ugonjwa wako. Akalirudia mara tatu.

Akafika. Hakuna mbwa aliyebweka. Akapiga hodi mlango wa mbele, kimya. Akasikia jembe nyuma ya nyumba, akazunguka.

Mzee Mwalongo alikuwa amesimama pembeni ya bustani ya maharage, anasawazisha udongo mahali padogo. Udongo ulikuwa mbichi. Karibu na ukuta yule mbwa mama alikuwa amelala, mbavu zote zinahesabika. Watoto wawili walikuwa wamelala juu ya gunia, hata hawakuinua vichwa.

Mzee akamwona Esnati, akaona na kikapu. Akaegemea jembe. Kabla Esnati hajafungua mdomo, mzee akasema:

"Hela yako nimekuwekea, mama. Tangu juzi ipo mezani. Nilitaka nikuletee mwenyewe, nimeshindwa kuwaacha hawa." Akatazama kile kikapu. "Wa kwako amekufa siku gani?"

Wapendwa, yale maneno yote yaliyopangwa njiani yalikwenda wapi?

"Hajafa," Esnati akasema.

Mzee akawa kama hajasikia. Ndipo kitenge kikatikisika, Sajenti akatoa kichwa na kupiga chafya.

"Anakula?"

"Anakula. Jana amekula hadi nyuzi zangu."

Mzee Mwalongo akaweka jembe chini, taratibu. Akamtazama yule mbwa mdogo kama mtu anayetazama mgeni aliyedhaniwa amepotea. "Umempa nini?"

Hapo ndipo Esnati alipoona. Mzee huyu hakumdanganya. Alimuuzia alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kinaugua bila yeye kujua. Mzee akamsimulia yote: amewapa maji ya majani machungu, hayakusaidia. Amekaa siku nne akiamini kwamba jirani amewawekea sumu, na siku hizo nne hajamsalimia jirani yake. Dawa ipo mjini, mwendo wa saa moja kwa miguu, na katika kijiji kizima anayeijua ni mtu mmoja tu. Ni yule aliyekuja kumwaibisha.

"Shikamoo, Mzee," akasema. Ilitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu."

Akampa mzee kikapu ashike, akasisitiza Sajenti asikanyage chini, asije akaugua tena. Akapiga magoti kwa yule mbwa mama, akamfunua mdomo kama alivyomwona daktari akifanya. Fizi nyeupe. Akawafunua na wale wawili. Nyeupe.

"Ni minyoo," akasema. "Ya kunyonya damu. Inatoka kwa mama kwenye maziwa. Hakuna sumu hapa."

Mzee akakaa juu ya kigogo. "Kwa hiyo ni hapa kwangu. Mimi ndiye niliyekuuzia."

"Ni minyoo, Mzee, siyo wewe. Ile hela uliyoniwekea, naomba."

Mzee akaingia ndani, akaileta, akampa kwa mikono miwili. Esnati akaipokea, akachukua kikapu chake. Hakuelekea kwake. Akashika njia ya mjini.

Saa nane mchana alikuwa amerudi na dawa, na daktari yuko nyuma yake kwenye pikipiki. Mzee akashika taya la yule mbwa mama, Esnati akamimina. Wakawanywesha na watoto. Wakachoma gunia, wakahamisha banda kwenye udongo mkavu, daktari akawaelekeza lini warudie dozi. Mmoja wa watoto alisumbua wiki nzima, watu wakakata tamaa, naye akaja kusimama. Wale wote watatu, mama na wanawe, wakapona. Aliyezikwa alikuwa amezikwa, huyo hatukumpata tena. Na jioni ileile Mzee Mwalongo alikwenda kwa jirani yake, akabisha hodi, akasema, "Nilikuwazia vibaya, nisamehe." Jirani akamkaribisha chai.

Sajenti amekuwa mbwa mkubwa. Maparachichi ya Esnati sasa yanakomaa juu ya mti. Na Mzee Mwalongo mara kwa mara huvuka mto na viazi kwenye mfuko, anakaa sebuleni kusikiliza mashine ikifuma, wanaongea mambo yao.

Sasa sisi.

Nisikieni vizuri, mtu asiende kusema nimewakataza kudai haki. Esnati alikuwa na haki ya kurejeshewa hela yake, na mzee aliiweka mezani kabla hajadaiwa. Wewe unayeuza, jifunze kwake. Usihame. Ukiuza kibovu, hata kwa kutojua, hela ya mwenzako iweke mezani.

Lakini wengi wetu hapa leo tuko upande wa kikapu. Kuna mtu alikukosea. Amekupa kitu kibovu, neno baya, malezi mabaya, ndoa iliyokuumiza. Ukaugua kwa sababu yake. Kisha Mungu akakuhurumia, akakutibu, leo unakula na unacheka. Na bado njiani unapanga maneno ya kumwambia.

Nikuulize. Yeye alipata wapi kile alichokupa? Umewahi kumfunua mdomo ukaona fizi zake? Baba aliyekulea kwa ukali, naye alinyonya kwa nani? Wewe umepona, yeye bado anazika nyuma ya nyumba, na anadhani jirani ndiye mwenye sumu.

Tukimwendea mtu wa namna hiyo, tunaweza kwenda kumwonyesha tulivyougua. Ni haki yetu. Lakini yeye anachouliza, hata kama hana maneno ya kuuliza, ni kile alichouliza mzee: umepewa nini wewe, mpaka ukapona? Na hilo, ndugu zangu, nani atamjibu kama si sisi? Asiyewahi kuugua ugonjwa ule haijui dawa yake. Sisi tunaijua. Tumeionja, tunajua ni chungu kiasi gani, na tunajua anakokaa anayeitoa.

Najua kuna jina limekujia tangu nilipoanza kusema. Usilifukuze. Sasa tusimame tuombe, na kila mmoja aanze na jina hilo.