Mashindano ya Sakafu Nyekundu

"Sakafu hungoja, mtoto hangoji." Shangazi yenu ameisema sasa hivi, nanyi mnataka kujua imetoka wapi. Chanzo chake nakijua, maana kilitokea hapa hapa Muheza, nami nilikuwa mmoja wa waliosimama dirishani wakitazama.

Salome Shemhilu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha aliomba kuongezewa muda, akapewa. Akaomba tena, akapewa. Mara ya tatu mwalimu mkuu alimwandikia mstari mmoja tu: asipofika Jumatatu, nafasi yake itapewa mwingine. Barua hiyo aliipata Ijumaa. Alihitaji mtu mmoja wa kazi mbili, kumlea Elinami, mwanawe wa miezi minane, na kuitunza nyumba. Jumamosi asubuhi walijitokeza wanawake wawili, Asteria na Mwanahawa.

Mama mkwe wake, Mama Shemhilu, alikataa kuzisoma barua zao za sifa. "Barua huandikwa na yeyote," alisema. "Sakafu haidanganyi."

Nyumba yao ilikuwa na sakafu nyekundu ya saruji, ya aina inayopakwa nta kisha kusuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka ing'ae. Kwa miaka mingi bibi huyo alimpima kwayo kila msichana wa kazi aliyeingia mlangoni. Safari hii aliamua wapimwe kwa pamoja: Asteria sebuleni, Mwanahawa chumba cha kulia chakula. Atakayetangulia kumaliza, na kitambaa cheupe kipite sakafuni bila kuchafuka, ndiye ataajiriwa.

Habari ilivuka ua kabla nta haijafunguliwa. Ilipofika saa nne, madirisha yote mawili yalikuwa yamejaa majirani.

"Mwanahawa, geuza kumbi! Upande huo umekwisha!"

"Asteria, hiyo ni sakafu au unamsugua mume aliyelala nje?"

Tulicheka, tukapiga makofi. Mikono yao ilikuwa inakwenda kasi kiasi kwamba harufu ya nta ilitufikia uani. Mama Shemhilu alikuwa ameketi kwenye korido, mjukuu mapajani, ungo wa kunde alizokuwa akizichagua ukiwa pembeni. Alivumilia kwa muda. Kisha mashindano yakamshinda: alimweka mtoto mkekani, kando ya ungo, akaenda kusimama mlangoni pa sebule apate kuona vizuri. Salome alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Kwa hiyo mtoto hakuwa na mtu, na hakuna aliyelitambua hilo.

Mwanahawa alikuwa amebakiza kona moja. Asteria alibakiza zaidi kidogo. Hapo ndipo mtoto alipokohoa, akakohoa tena, kisha akanyamaza.

Mwanahawa alitupa kumbi, akakimbia akikata katikati ya nta mbichi.

"Anakwenda wapi huyu? Unashindwa, wewe!" tulipiga kelele.

"Binti!" aling'aka Mama Shemhilu. "Unaweka nyayo! Rudi umalize!"

"Sakafu itangoja, bibi. Mtoto hangoji!"

Alimkuta Elinami midomo imegeuka rangi. Akamlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Pigo la nne, kunde ikaruka ikaangukia mkekani, na mtoto akaachia kilio ambacho sijawahi kusikia kizuri kuliko hicho.

"Nimemaliza!" alisema Asteria kutoka sebuleni.

Salome aliingia mbio, akamkumbatia mwanawe. Alipoelezwa, alimgeukia Asteria. "Hukusikia?"

Asteria hakudanganya. "Nilisikia, dada. Nikasema nimalizie hapa kwanza. Tena sikuambiwa nimwangalie mtoto."

Ilikuwa kweli. Asteria alikuwa mchapakazi, na mtihani aliopewa aliufaulu. Mtihani wenyewe ndio uliokuwa na kosa.

"Kweli hakuambiwa," alisema Mama Shemhilu. "Nimepima sakafu, nikasahau kwamba tunatafuta mlezi. Na aliyemwacha mtoto ni mimi."

"Mwanahawa," aliuliza Salome, "Jumatatu saa kumi na mbili utaweza kufika?"

"Hata leo nabaki, dada."

Akainama kuchukua kumbi akafute nyayo zake. Bibi akamnyang'anya. "Wewe mshike mtoto," alisema, akapiga magoti kwenye kona ile iliyobaki, akaanza kusugua. Dirishani tulipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Jumatatu Salome aliingia darasani kabla ya kengele. Na tangu siku hiyo, mtu wa mtaa huu akionekana anamalizia kazi huku mtoto akimwita, haelezwi mengi. Huambiwa tu: sakafu hungoja, mtoto hangoji.