Picha ya Kinyozi

Ndugu zangu, mfano wa leo nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kuuliza ni ukoo gani. Hata hivyo watu wake nitawapa majina. Mtu asiye na jina husikilizwa kwa sikio moja, na mfano huu wote umesimama juu ya jina.

Kulikuwa na mzee mmoja wa huku kwetu Muheza, Hoza Kupaza. Hoza ndilo jina alilopewa alipozaliwa. Kupaza lilikuwa la baba yake, Petro Kupaza, mpishi wa daktari mmoja Mwingereza. Daktari alipomaliza kazi yake hapa akarudi kwao, katika mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, akamwomba Petro afuatane naye kwa muda mfupi. Petro akakubali. Hoza alikuwa bado ananyonya. Kule baridi ikamwingia mpishi kifuani, akafa, akazikwa kulekule. Habari ya kifo ilifika nyumbani. Zaidi ya hiyo habari, hakikufika kitu.

Mnavijua vijiji vyetu. Kijana Hoza alikuwa na baba mdogo aliyeitwa Semkiwa, mtu mwenye ulimi. Hoza akichelewa kurudisha mbuzi, akivunja mtungi, akijibu neno moja zaidi ya yale yanayotakiwa, Semkiwa humwambia mbele za watu:

"Baba yako alikaa na Wazungu mpaka akafa. Kuna mtu alikuletea hata salamu? Hakukutaja. Mtoto ambaye babaye hakumtaja, sisi tumtaje kwa lipi?"

Fimbo huuma, kisha huacha. Maneno haya hayakuacha. Hoza akakua, akawa fundi wa mashine katika kiwanda cha mkonge, akaoa, akazaa, akastaafu, na swali lile likastaafu pamoja naye. Hakumwambia mtu, lakini alitaka kujua jambo moja tu: huko ugenini, baba alikumbuka kwamba ana mtoto?

Basi padri mmoja mgeni, mwenyeji wa mji ule ule wa daktari, akamwambia kwamba daktari alikuwa na dada aliyechora picha za rangi, na kwamba alimchora hata yule mpishi. Dada huyo alipofariki, picha zake zilipewa mji, nazo zimetundikwa katika mojawapo ya majumba ya picha ya pale. Binti yake Hoza, Eunike, alikuwa muuguzi hukohuko Uingereza. Mzee akapanda ndege.

Kwanza Eunike alimpeleka kwenye jumba la makumbusho lililo kando ya bahari. Wakaona nanga, makombe ya baharini, samaki waliokaushwa na kujazwa pamba, na katika kabati la kioo vazi la kuogelea la bibi mmoja aliyekufa zamani, lenye mikono mirefu na vifungo mpaka shingoni. Mzee akalitazama sana. Akasema kwetu vazi hili lingekwisha kugawiwa siku ya kuondoa msiba, na aliyelipata angekuwa analalamika mpaka leo. Eunike akacheka mpaka mlinzi akageuka.

Wakatoka, wakaingia jumba la pili. Huko walikuwamo mabwana wenye mbwa, mabibi wenye kola nyeupe, na bahari, bahari tele, ukutani hapa na ukutani pale, wakati bahari yenyewe iko nje ya dirisha bure. Mzee Hoza akaanza kazi. Alikuwa na Kiingereza cha shule, kizuri cha kusomea. Alikwenda kwenye kila picha, akainama, akasoma kile kibao kidogo chini yake herufi kwa herufi, akaenda kwenye kingine.

Eunike akamwambia, "Baba, unasoma vibao tu. Picha zenyewe huziangalii."

"Uso nitaujuaje, mwanangu? Sikuwahi kuuona. Jina ninalijua."

Je, alikosea? Mimi nisingemlaumu. Jina ndilo pekee aliloachiwa.

Wakafika jumba la tatu, dogo, lenye vyumba viwili, na hapo ndipo zilipokuwa picha za dada yake daktari. Mzee akavua kofia. Akasoma kibao cha kwanza, ni bustani. Cha pili, mnara wa taa. Chumba cha pili, karibu na mlango, palikuwa na picha ya mtu mweusi amekaa kando ya dirisha, amevaa koti zito, mikono magotini. Ninyi mnaosikiliza mmekwisha kumjua. Eunike naye akasogea karibu. Akasema, "Baba, huyu ana masikio yako."

Mzee hakutazama masikio. Aliinama. Kibao kilisema kwa Kiingereza: Barber Hawser.

Wale waliosoma shuleni watanisaidia. Neno la kwanza maana yake ni kinyozi. Neno la pili ni ile kamba nene ya kufungia meli gatini, na Waingereza wanayo majina ya ukoo ya ajabu kuliko hilo. Mzee Hoza aliyajua maneno yote mawili. Akasimama wima.

"Huyu ni kinyozi," akasema. "Bwana Hawser. Labda alikuwa kinyozi wa meli za Marekani. Baba alikuwa mpishi."

"Lakini masikio, baba."

"Masikio ya namna hii yako mengi duniani, Eunike. Twende mbele."

Akapita. Ndugu zangu, amevuka bahari na nchi, amesimama mbele ya uso alioutafuta maisha yake yote, akasoma kibao, akapita. Akamaliza chumba. Petro hakumwona, Kupaza hakumwona. Akarudi kuzunguka mara nyingine, na safari hii alikwenda polepole kama mtu anayekwenda kuambiwa jambo baya. Kisha akakaa kwenye benchi, kofia mkononi.

Binti akamwambia labda picha iko ghalani, labda wataruhusiwa kuuliza. Mzee akakataa. Alisema picha zote za yule bibi ziko hapa ukutani, bustani ipo, mnara upo, na kinyozi wa watu yupo. Kama mpishi alichorwa, basi hakuonekana kuwa mtu wa kuandikwa. Na kama yeye mwenyewe hakustahili kutajwa, nani angemtaja mtoto wake?

"Baba Mdogo Semkiwa alisema kweli," akasema. "Nilimchukia bure."

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja wa makamo, mlinzi wa jumba, funguo mkononi, kuwaambia kwa adabu kwamba wanafunga. Akaona mzee ameinamisha kichwa, akadhani amechoka. Kwa kutaka kumfurahisha akamwuliza kama ameipata picha nzuri kuliko zote, ile inayopendwa na kila mgeni. Na akaitaja.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana mwalimu wangu wa Kiingereza alituchapa sana kwa ajili ya jambo hili. Waingereza wa pwani ile, herufi r ikiwa mwishoni mwa silabi, huiandika lakini hawaitamki. Huivuta sauti tu, kisha wakaendelea; na katika neno kama Hawser, aw huitamka o, na s huitamka z. Barber Hawser. Yule mama akalitamka jina kama alivyolitamka siku zote, na katika chumba kile likasikika hivi:

"Baba Hoza."

Mzee akainua kichwa.

Akamwomba kwa Kiingereza, tafadhali, aseme tena. Yule mama akafikiri masikio ya mzee ni mazito. Akainama karibu, akasema kwa sauti zaidi, taratibu:

"Baba Hoza."

Kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuitwa hivyo, na mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita. Mama yake Hoza, mpaka anakufa, hakulitaja jina la mumewe. Alisema Baba Hoza aliondoka wakati wa masika, Baba Hoza alipenda chumvi nyingi.

Mzee akainuka, akaushika mkono wa Eunike, akarudi mlangoni. Safari hii hakuinama. Alisimama akatazama uso, na masikio, na mikono ile juu ya magoti. Yule mama akaziweka funguo mfukoni, akaenda kukaa mbali.

"Alinitaja," mzee akamwambia binti yake.



Nitawaambia ilivyokuwa, maana mfano ni wangu. Yule dada wa daktari alipokwisha kuchora alimwuliza mpishi jina lake. Petro alikuwa na majina ya kutosha. Alikuwa na la ubatizo, alikuwa na la ukoo, tena ukoo wenye heshima. Lakini alikuwa amekaa kando ya dirisha la nchi ya baridi, mgonjwa kifuani, na mtu amemwuliza yeye ni nani. Akajibu kama anavyojibu mwanamume wa kwetu aliyepata mtoto wa kwanza. Yule dada akaandika alivyosikia. Waliokuja baada yake wakadhani wameandikiwa kazi ya mtu na ukoo wake, wakatengeneza kibao. Na hivyo Petro Kupaza akapoteza majina yake yote mawili, akabaki na la mtoto.

Tuje kwetu sisi. Wako hapa leo wanaosema Mungu amewasahau. Wamelitafuta jina lake katika mambo makubwa, katika utukufu na miujiza, hawakuliona, wakakaa kwenye benchi. Nami nawaambia: mmepita mbele yake. Tangu zamani Mungu wetu hujitambulisha kwa majina ya watu wake. Hukubali kuitwa Mungu wa fulani na fulani, watu tunaojua makosa yao, wala haoni aibu. Ukitaka kujua kama umekumbukwa, usilitafute jina lake peke yake. Sikiliza anavyoitwa. Jina lako limo ndani ya lake.

Ningeweza kuishia hapo, na mngekwenda nyumbani mmefarijika. Siishii hapo, kwa sababu nina neno kwa wanaume.

Kama Mungu hakuona aibu, wewe unaona aibu ya nani? Katika kanisa hili wamo akina baba ambao ukiwauliza ni nani, wataanza na cheo. Ni mwenyekiti, ni mkaguzi mstaafu, ni mzee wa kanisa. Ukiuliza ni baba wa nani, watakutajia watoto wa nyumbani, kisha wananyamaza kidogo, na ule ukimya mimi nimeusikia. Ndani yake yumo mtoto. Amezaliwa kabla ya ndoa, au pembeni ya ndoa. Yuko Korogwe, yuko Pongwe, yuko mtaa wa pili. Ana masikio yako. Kila akikosea kuna Semkiwa wa kumwambia kwamba hakutajwa. Unasema utamtaja ukipata nafasi, unalinda heshima ya jina lako. Petro alikuwa na jina la kulinda pia.

Baada ya ibada nitasimama mlangoni kuwapa mkono, kama kawaida. Leo akina baba nitawauliza mmoja mmoja: wewe ni baba wa nani? Msinijibu haraka. Nitangoja, hata foleni ikirudi mpaka madhabahuni. Na mkinijibu, tafadhali litamkeni jina la mtoto vizuri, lote, nilisikie.