Baba wa Kunyonya

Wamepokezana wacha Mungu waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba zama Wareno walipoutawala mji wa Shungwi palikuwa na mja mwema akiitwa Faki bin Athumani, mpima nafaka sokoni. Akisema pishi imejaa, basi imejaa. Hata kapitani wa Wareno, ambaye hakumwamini mtu wa mji ule hata kwa salamu, hakununua chakula cha askari wake ila kimepimwa na Faki.

Lakini mwanadamu hakamiliki. Siku moja jirani yake wa ubavuni, Shali, alisema mbele ya watu kwamba pishi ya Faki imetiwa kitako cha pili ili ipunje wanunuzi. Neno lile lilimchoma. Akaapa kutomsemesha Shali tena, na akamkataza mkewe, Mwana Tatu, kuingia nyumba ile. Miaka ikapita. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kumsusa ndugu zaidi ya siku tatu. Faki aliihifadhi vizuri hadithi hiyo, ila kuitumia ndiko kulikomshinda.

Kisha Shali akafariki, akaacha mjane, Bi Zuhura, na binti mdogo, Sauda. Faki alishika jeneza pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na roho nzito, maana kaburini hakubishwi hodi kuombana radhi.

Na msiba ule ulikuwa na mwenziwe nyuma yake. Wareno walikwisha kuufunga msikiti, na walikuwa wametoa amri: mtoto yeyote aliyefiwa na baba achukuliwe, abatizwe, apewe jina jingine, alelewe kanisani. Mama hakuhesabiwa kitu. Watu wote walimwona mtoto wa mjane mmoja, Bi Mwanasha, akipita na makasisi. Mama yake akamwita kwa jina alilompa mwenyewe, na mtoto hakugeuka. Tangu siku hiyo wajane wa Shungwi wakawa wanawalilia waume zao kwa kujiziba midomo.

Alasiri moja habari zikaja kwamba kapitani na kasisi wako njiani kumfuata Sauda. Mwana Tatu akamwendea mumewe, akapiga magoti.

"Bwana, nilikuasi. Nisamehe kwanza, kisha nikwambie."

"Nimekusamehe. Sema."

"Zuhura alipojifungua alishikwa na homa, maziwa yakamkauka. Mtoto alikuwa akilia kutwa, nami nina ziwa, namnyonyesha wetu. Nikashindwa kuvumilia. Ukienda sokoni, mimi napita uani nampa. Siri hii tunayo mimi na Zuhura tu."

Faki akauliza, "Zilitimia mara tano?" Maana hicho ndicho kiwango cha sharia cha kumfanya aliyenyonya kuwa mwana.

"Zilitimia zikapita, Bwana. Alinyonya hata mama yake akapona."

Hasira ilikuwa ya nini tena? Mtoto yule, kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu, alikuwa binti yake, naye kila siku alimpita kichochoroni, hamwitikii hata shikamoo. Aliona haya isiyo kifani.

Akatoka. Nyumbani kwa marehemu, Zuhura alikuwa katika eda yake, amemkumbatia mwanawe nyuma ya pazia. Kapitani na kasisi wamekwisha kufika, na majirani wamejaa nje, hakuna anayethubutu kunena. Faki akajipenyeza mpaka mlangoni.

"Kapitani, mtoto huyu ana baba. Baba yake ni mimi."

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akamnong'oneza, "Ishia hapo hapo, Faki. Hii ni dharura." Na nafsi yake ikamwambia vivyo hivyo: nyamaza tu, mtoto amepona. Lakini aliuona uso wa kapitani, akajua amelielewaje neno lile. Kwa kunyamaza angemwokoa mtoto kwa kumvua mama yake sitara mbele ya mtaa mzima.

"Sikumzaa," akasema. "Mama yake ni mwanamke mtwahara, na aliyemzaa ni Shali tuliyemzika. Mke wangu ndiye aliyemnyonyesha, na kwetu sisi aliyenyonya ni mwana."

Kasisi akacheka. "Sheria yetu haijui maziwa. Mchukueni!"

Zuhura akapiga ukelele. Kapitani akainua mkono. "Ngojeni. Faki, wewe na Shali hamkuwa mkisemezana. Soko zima linajua. Mtoto wa adui yako unamtetea wa nini?"

"Jana nisingemtetea," akajibu Faki. "Leo nimejua kuwa ni wangu."

Kapitani akamtazama sana. "Watu wa mji huu hunidanganya kila siku," akamwambia kasisi. "Huyu alikwisha kushinda, akajiharibia mwenyewe kwa kusema kweli." Akaamuru Sauda akae chini ya dari ya Faki na kula chakula chake. Askari watakuja kuangalia. Siku watakapomkosa, watamsaka Sauda wamchukue, na mwana wa Faki pia.

"Nimekubali," akasema Faki.

Wareno walipoondoka, akainama kumshika Sauda mkono. Mtoto akauficha mkono wake mgongoni.

"Simtaki," akasema. "Huyu ndiye asiyeitikia."

Majirani wakaanza kumkemea mtoto. "Mwacheni," akasema Faki. "Hakusema uongo." Akaketi chini pale pale mbele za watu, machozi yanamtoka, akangoja mpaka mtoto aliporidhika kwenda naye.

Ndugu zangu, waliowatenga watoto na wazazi wao na dini yao kwa nguvu za mizinga tunawalaumu, na ni haki walaumiwe. Ila tuhesabu na sisi majumbani mwetu: ni watoto wangapi tuliowanyima baba, ami na mjomba, bila ya mzinga wala amri, kwa sababu ya neno moja lililosemwa sokoni? Mola atujaalie ulimi wa Faki, na atuepushe na ukaidi wake.