Kokoto za Mwadime

Walimu wa Kiingereza wanawaambia kwamba kuna vitu vinavyohesabika na visivyohesabika, na kwamba maji yamo katika hivyo visivyohesabika. Mkiuliza kwa nini, mnaambiwa mnakili ubaoni mnyamaze. Mimi sitawanyamazisha. Sababu ipo, na kila nikiikumbuka damu inanichemka.

Kulikuwa na wakati ambapo kila kitu kilihesabiwa. Mama hakukoroga uji kabla ya kuhesabu chembe za unga, na watoto walisinzia na njaa wakingoja. Huku milimani kisima kilikuwa kimoja, na mlinzi wake aliitwa Mwadime. Aliwekwa pale mwaka wa ukame ili kila nyumba ipate sawasawa, na mwanzoni alitenda haki. Alitoboa kibuyu tundu dogo, maji yakadondoka mtungini, na kwa kila matone kumi aliweka kokoto moja chini. Aliyegusa mtungi kabla ya hesabu kwisha alifukuzwa milimani yeye na watoto wake. Mvua zilirudi, kisima kikafurika, naye akaendelea kudondosha. Kiburi kilikuwa kimeshamwingia.

Tena alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoua. Kwetu mtu hasalimiwi kwa neno moja. Unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, za wagonjwa, na zote unazijibu. Kila aliyefika kisimani alimsalimu Mwadime, naye alijibu yote, akapoteza hesabu, akafagia kokoto, akaanza moja.

Adhuhuri moja alikuja Mghoi, amembeba bintiye Wakesho aliyekuwa akiungua homa. Mtoto alitaka maji tu.

"Mzee wangu, nipe kidogo nimnyweshe. Hesabu utaifanya baadaye."

"Kidogo ni matone mangapi, mama?" aliuliza Mwadime, akaanza.

Alipofika kokoto ya thelathini, jirani alipita akamsalimu. Akajibu mpaka habari za mbuzi. Akaanza moja. Akapita mwingine. Akaanza moja. Na wale waliosimama kwenye foleni, ambao nawalaumu kuliko yeye, waliitazama midomo ya mtoto ikipasuka wasiseme kitu, eti zamu ni zamu.

Mara ya nne, Wakesho aliacha kuomba. Mghoi akamtikisa, akamwita. Kisha akamlaza majanini, akainuka, akaupiga teke mtungi, akakikanyaga kibuyu, akazichota zile kokoto na kumtupia Mwadime usoni.

"Hesabu!" alipiga kelele. "Hesabu sasa! Chochote anachokililia mwenye kiu na mwenye njaa kisikubali hesabu yako tena!"

Mwadime alipiga magoti kwenye tope. Kila tone aliloligusa liliungana na jingine, yakawa maji tu. Majumbani wanawake waliumwaga unga kwenye ungo, nao ukakataa kutengana. Maziwa vilevile.

Na tangu siku hiyo maji hayahesabiki, wala unga, wala maziwa. Unahesabu mtungi, unahesabu kibaba, lakini kilichomo unampa kwanza mwenye shida. Waingereza nao wanalijua hilo, ila wamelifanya swali la mtihani. Watoto ndio wanaohesabika hadi leo. Mghoi alikuwa nao watatu, wakabaki wawili.