Kwa Nini Rangi ya Kipepeo Hubaki Vidoleni

Zama hizo vipepeo wote walikuwa weupe. Msidhani ni weupe wa kusifiwa. Ulikuwa weupe wa jivu. Kipepeo akitua begani mwa mtu, alipanguswa kama taka iliyopeperuka kutoka jikoni, na wengi walivunjika mabawa kwa kupanguswa tu, bila mtu kuwakusudia.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwanatumu, fundi wa rangi. Madoa ya chui yalikuwa kazi yake, na ya kanga pia, na kusema kweli sifa zilikuwa zimemlevya kidogo. Ngozi aliijua, unyoya aliujua, na karatasi za kila namna alijua zinavyokunywa wino. Basi Kipepeo alipomwendea kuomba rangi, hakuyatazama yale mabawa mara mbili.

“Kaa hapo, mdogo wangu,” alimwambia. “Kabla uji haujaiva utakuwa umependeza.”

Alichovya burashi katika wino wa buluu, akaligusa bawa moja. Wino haukutulia. Ulitambaa pande zote, ukapenya hadi upande wa pili, na bawa likajikunja. Kipepeo alijaribu kuruka, akaanguka ubavu.

“Dada,” alisema kwa upole, “mimi sikuja kwako nijifunze kutambaa.”

Maneno yale yalimchoma Mwanatumu. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa, maana kipepeo asiyeruka ni chakula cha siafu. Alilisuuza bawa, akalinyoosha, akaanza upya kama mwanafunzi, safari hii kwa tone dogo pindoni. Maji ya zambarau yalienea yakawa doa. Rangi ya gundi ilishika vizuri, lakini ilipokauka pindo lilikakamaa kama ukoko. Alipunguza maji, akapunguza gundi, na bado Kipepeo alianguka.

Asubuhi ile Mwanatumu alikuwa ametwanga manjano. Alipomwinua Kipepeo ampeleke kivulini, aliona alama ya kidole chake bawani. Yalikuwa manjano makavu, yanang'aa, na bawa halina habari.

Hapo akasaga rangi zake zote zikawa vumbi, akampaka kwa ncha ya kidole, bila maji wala gundi. Kipepeo akaruka. Bawa la kwanza lilikuwa limechanika kidogo, lakini akaruka. Mwanatumu alifurahi, kisha akamwita.

“Sitakudanganya, mdogo wangu. Rangi isiyo na gundi haidumu. Atakayekushika ataondoka nayo.”

“Na ile inayodumu, siwezi kuruka nayo?”

“Huwezi.”

Kipepeo alifikiri. “Basi nitajihadhari na mikono.”

Na tangu siku hiyo kipepeo hapanguswi; watu humtazama. Lakini hakai mahali pamoja, na ukimsogelea tu, huyoo. Ukimkamata, vidole vyako hung'aa, nawe hucheka ukidhani umepata kitu. Ukimwachia, huenda zake na pengo pale ulipomshika, na Mwanatumu wa kulijaza alikufa zamani.