Kesi ya Sauti ya Perere

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, mashemeji na kesi za majirani kama sisi, palikuwa na bendi iliyopiga muziki juu ya jabali kila Alhamisi alasiri. Iliitwa Jabali Jazz. Ngedere alipiga gitaa. Nungunungu alitikisa miiba yake, chaka-chaka-chaka, hiyo ndiyo ikawa kayamba. Kindi, mdogo kuliko wote, alipiga ngoma kwa mikono miwili na mkia.

Mwimbaji alikuwa Perere.

Perere ana kimo cha paka, hana mkia, anaishi mitini, na sauti yake haina mfano. Huanza chini, krrr, krrr, kama mlango usiotiwa mafuta. Hupanda, kraa, kraa. Unapodhani amefika mwisho, huachia: KRAAAIII! kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa ule wa nyuki:

*Nyuki ee, nyuki, fungua mlango,*
*Nimekuja kwa wema, sina kinyongo,*
*Mvua inaninyea, nimelowa mgongo.*

Kwenye "mgongo" ndipo alipokanyaga kaa.

Nusu ya bonde walisema hawajapata kusikia sauti tamu kama ile. Nusu ya pili walisema afadhali msumeno. Mama Ngiri aliupenda wimbo. Mzee Ngiri aliuchukia. Wakafika mahali pa kuchimba mlango wa pili wa shimo, kila mmoja aingie kwa wake.

Aliyechukia kuliko wote alikuwa Nyati. Kila Alhamisi alifika mapema, akakaa mbele kabisa, akakunja uso mpaka wimbo wa mwisho.

"Hii ni sauti au ajali?" alipaza. "Mwondoeni huyo! Shemeji yangu Nyumbu yupo, anajua kuimba!"

Basi siku moja Nyumbu akapewa nafasi. Akaimba. Sauti yake haikumuudhi mtu. Haikumwamsha mtu pia. Jua lilikuwa bado liko juu watu waliposema, "Ahsante, bwana, ahsante," wakakunja mikeka na kwenda kupika. Alhamisi iliyofuata Perere akarudi jabalini, na bonde zima likaja, wapendao na wachukiao.

Nyati akaona aibu ya shemeji yake ni aibu yake. Akaenda kushtaki.

Hakimu wa bonde alikuwa Bi Kiboko. Alisikiliza kesi akiwa ndani ya bwawa, macho na masikio tu ndiyo yako nje, na hakupenda kesi ndefu. Sheria yake ilikuwa moja: mshtaki huweka mbele ya hakimu kile anacholalamikia. Ukilalamikia uji ulioungua, ulete na sufuria. Ukilalamikia mkeka uliochanika, uulete na nyuzi zake. "Kesi bila kitu ni umbea," alisema, na umbea haukusikilizwa.

Nyati alitaka Perere atolewe kwenye bendi na ahame bonde. Perere alikuwa na mke na mtoto mchanga katika tundu la mkuyu. Zaidi ya kuimba hakujua kazi nyingine. Akashika njia kwenda kwa Kindi kutafuta shauri.

Alimkuta, lakini si nyumbani. Kindi alikuwa amekaa juu ya pembe ya Nyati, akimnong'oneza sikioni. Perere akajibanza nyuma ya kichaka.

"Mzee wangu, hata mimi nimechoka," Kindi alikuwa anasema. "Wewe unakaa mbele. Mimi ninakaa ubavuni pake!"

"Kumbe na wewe!" Nyati akakoroma kwa furaha.

"Ila jihadhari. Kesho ataomba aimbe mbele ya hakimu. Akiimba, Mama Ngiri atalia, Mbega atalia, kesi itageuka msiba. Omba afungwe mdomo. Ashike jani kwa meno mpaka hukumu itoke. Likianguka, ameshindwa."

"Ha! Hilo nilikuwa nalo kichwani tangu asubuhi," akasema Nyati, ambaye hakuwa nalo.

Perere akatoka kichakani polepole. Akamngoja Kindi njiani.

"Kindi! Mimi na wewe tumekula chungu kimoja! Leo unaniuza?"

Kindi hakusimama. "Kesho jani lisianguke," alisema akiwa mbioni. "Usikie utakachosikia, lisianguke!" Phrr! Akapotea mtini.

Kesho yake bonde lote likakusanyika bwawani. Wapendao upande huu, wachukiao upande ule. Nyati akaomba jani, Bi Kiboko akakubali, na Perere akalishika kwa meno. Akamtazama Kindi. Kindi alikuwa anafunga ngoma yake kamba, kana kwamba hamjui.

Nyati akaeleza mashtaka. Sauti ile inaharibu maziwa. Inawatia watoto kikohozi. Inagombanisha wake na waume.

"Kweli!" wakaitikia wachukiao.

"Uongo!" wakajibu wapendao.

"Nyamazeni, nina usingizi," akasema Bi Kiboko. "Kuna mwenye neno kabla sijahukumu?"

Kindi akaruka juu ya jiwe. "Ninalo, Bi mkubwa. Kitu kiko wapi?"

"Kitu gani?"

"Mzee Nyati analalamikia wimbo. Naona pembe, naona kwato, naona na shemeji. Wimbo sijauona."

Bi Kiboko akapuliza maji puani, fuuu! "Kweli kabisa. Nyati, wimbo uko wapi?"

"Si... si mwambie Perere aimbe, usikie mwenyewe!"

"Umeomba afungwe mdomo, nimemfunga. Sasa nimfungue? Hapa ni barazani, si mlango wa jiko. Mshtaki ni wewe. Ulete wimbo, au uende zako."

Nyati akageuka huku, akageuka huku. Wenzake wakatazama chini.

"Basi tutauleta!" akasema. "Msikie wote ulivyo mbaya!"

Akasafisha koo. "*Nyuki ee, nyuki, fungua mlango...*"

Kindi akagonga ngoma kidogo, ti, ti, ti, ili mzee asipotee njia.

"Aa-aa!" Mzee Ngiri akaruka kutoka nyuma. "Umeanzia juu mno! Perere huanza chini, krrr, krrr. Utapandaje sasa?"

"Ngoja, nianze tena."

"Na kwenye 'kinyongo' anakata," akasema Korongo, naye mchukiaji. "Anakata, anavuta pumzi, ndipo anaingia. Usikimbie!"

"Nani anakimbia? Imbeni basi, mnaojua!"

Wakaimba. Ngoma ikapanda, ti-ti-pu, ti-ti-pu. Nungunungu miiba ikamcheza yenyewe, chaka-chaka. Wapendao walikaa kimya, vinywa wazi. Walioimba ni wachukiao peke yao.

Perere alisikiliza. Maneno yote yalikuwepo. Pumzi zote zilikuwa mahali pake. Hata kile kikohozi alichokohoa siku moja kwa mafua, Korongo alikikohoa palepale. Lakini walipofika kwenye "mgongo", Nyati akashuka badala ya kupanda. Lo! Jani likamtetemeka Perere mdomoni. Alitaka kupiga kelele, pandaaa! Akamkumbuka mtoto katika tundu la mkuyu. Akauma meno.

"KRAAAIII!" Mzee Ngiri ndiye aliyepanda, macho amefumba.

"Mume wangu!" akalia Mama Ngiri.

Hawakusimama hapo. Ubeti wa pili ukaisha, wakaingia wa tatu, kwato zikipiga vumbi:

*Ukinifukuza, nalala hapa nje,*
*Nitaimba, nyuki, mpaka mwenyewe uje!*

Wimbo ukaisha. Nyati alikuwa na jasho puani na mguu mmoja bado hewani. Akautazama mguu wake. Akaushusha taratibu.

"Huo ndio wimbo," alisema. "Mmeona ulivyo mbaya?"

"Tumeona, mzee wangu," akasema Kindi. "Swali dogo. Ubeti wa tatu umeujulia wapi?"

"Ah, si nimeusikia jabalini!"

"Perere huuimba mwisho kabisa, watu wakianza kukunja mikeka. Mwenye kuchukia sauti angekuwa ameshafika kwake, amelala."

Nyati akamtazama Nyumbu amsaidie. Nyumbu, shemeji yake, akaona ndege fulani wa kutazama.

Bi Kiboko aliinuka majini, jambo alilolifanya mara chache. Masikio yake yalikuwa bado yanacheza, ti-ti-pu.

"Kitu kimeletwa, nimekiona," alisema. "Wapendao wamekaa kimya, wachukiao wamecheza. Nimuondoe mwimbaji, kisha nyie mje kunililia? Perere abaki jabalini. Toa jani."

Perere akalitema. Bonde zima likangoja atakachosema.

"Mzee Nyati," alisema, "kwenye 'mgongo' umeshuka. Pale unapanda."

Kicheko kilichopasuka kiliwatoa bata bwawani. Perere akamwendea Kindi, akamkumbatia mpaka mkia ukamsimama.

"Niachie pumzi!" akalia Kindi. "Alhamisi nitapigaje ngoma?"

Alhamisi ikafika, na mbele kabisa, kabla ya mtu yeyote, palikuwa na Nyati, uso umekunjwa.

"Umekuja tena, mzee wangu?" Kindi akamwuliza.

"Bado ni sauti mbaya!" Nyati akanguruma. "Lazima awepo mtu wa kulalamika. Haya, anzeni, mnachelewa!"

Hadithi yangu imeishia hapo juu ya jabali, na funzo lake ndilo hili: anayeuchukia wimbo kweli, hajui ubeti wake wa tatu.