Ng'oa Matatu, la Nne Bure

Isome taratibu mpaka mwisho, kisha mrushie ndugu yako mwenye vyeti viwili ukutani. Asipocheka, ujue imemgusa.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako watu huvaa makoti hadi saa sita mchana, palikuwa na daktari wa meno aitwaye Pantaleo Mgaya. Alikuwa na mkono mwepesi na moyo mzuri. Tatizo lake lilikuwa chumba. Kliniki yake ilipakana na mashine ya kusaga, na mashine ikiwashwa, kiti kilitetemeka mpaka mgonjwa akashindwa kujua kama anatobolewa jino au anasagwa pamoja na mahindi.

Daktari akaona dawa ni kuongeza elimu. Akasoma shahada ya biashara, kila Jumamosi, miaka mitatu. Watu wakamcheka, wakasema mshika mbili moja humponyoka. Yeye akaendelea, akamaliza, akavitundika vyeti vyote ukutani, cha meno kushoto na cha biashara kulia, kila kimoja na fremu yake.

Basi biashara ikamfundisha kwamba mteja hupenda ofa. Wauza vitenge wana ofa, wauza sabuni wana ofa, kwa nini meno yakose? Akachapisha kadi ndogo za rangi ya waridi za kugongwa mihuri, akabandika na tangazo mlangoni: NG'OA MATATU, LA NNE BURE.

Sista Tulinagwe, muuguzi wake, alilisoma tangazo lile mara mbili. Akamuuliza kama amewaza vizuri, maana watu wa mji ule wakisikia bure huwa hawaulizi ni bure ya nini. Daktari akamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, yeye aendelee kuchemsha vyombo.

Na wiki ile daktari alikuwa na haraka zake. Mzee Mahenge, mwenye maduka ya bati na saruji, alikuwa amemaliza jengo jipya karibu na stendi, na chumba cha chini kilikuwa kinatafuta mpangaji. Walikiomba watatu: mwenye duka la dawa, mwenye saluni, na daktari. Mzee akasema hataki maneno, atapita kwa kila mmoja akae aone anavyofanya kazi. Kwa daktari atapita Ijumaa.

Jamani, daktari alikitamani chumba kile! Kila akitoka kazini alipita kukichungulia dirishani. Mle ndani mlikuwa kimya, mtu angeweza kulisikia jino lake mwenyewe likiuma.

Ijumaa ikafika. Mzee Mahenge akaja, akakaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa, kofia magotini. Benchi lilikuwa limejaa, na daktari akafurahi moyoni kwamba mzee anajionea mwenyewe.

Mara akaitwa Bibi Atuganile, muuza ulezi sokoni, mtu wa miaka sabini. Mkononi ana kadi ya waridi, mihuri mitatu imetimia. Akakaa kitini, akafumbua kinywa. Daktari akaangalia juu, akaangalia chini, akarudia kwa kioo. Meno thelathini na mawili, yamekaa imara kama mafiga.

"Bibi, linalouma ni lipi?"

"Haliumi hata moja, mwanangu. Wewe chagua tu."

Daktari akauliza, sasa mihuri hii mitatu imetoka wapi. Bibi akaeleza bila haya. Yeye na wenzake wa sokoni wana upatu. Watatu kati yao walikuwa na meno mabovu, wakaja kung'olewa kwa zamu, wakagongesha mihuri kwenye kadi moja ili la bure lisipotee. Kisha wakapiga kura nani alipokee. Kura ikamwangukia yeye.

"Na zamu ya upatu hairukwi," akasema. "Nyumbani nimeshaaga kwamba leo sitakula nyama."

Benchi zima likageuka, likawa upande wa bibi. Mmoja akasema ahadi ni deni. Mwingine akasema wasomi ndivyo walivyo, ofa ikimfikia maskini inaisha. Daktari akamwahidi bibi dawa ya meno, akamwahidi mswaki mpya, bibi akakataa katakata. Anataka jino litoke. Mzee Mahenge alikuwa akitazama tu.

Daktari jasho likamtoka na baridi ile. Akainua macho ukutani. Cheti cha kulia kikamwambia: tangazo umeandika wewe, mwenye jengo yuko hapo, mteja anadai haki yake, na jino la nyuma kabisa nani ataliona? Cheti cha kushoto hakikumwambia neno. Sista Tulinagwe alikuwa amesimama na trei ya vyombo, akimtazama kwa jicho la si nilikuambia.

Daktari akavua glavu.

"Bibi, sing'oi. Jino lako halina kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyeandika tangazo."

Akaenda mlangoni, akalibandua tangazo mbele ya watu wote, akalichana. Benchi likaguna. Wawili wakaondoka. Mzee Mahenge naye akasimama, akavaa kofia yake. Daktari akajua habari yake imekwisha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaelewa, na kwamba mwenye saluni atakitunza chumba vizuri.

Mzee akamsogelea. Akatia kidole mdomoni, akavuta shavu, akamwonyesha pengo.

"Nikiwa safarini nilimwonyesha daktari mmoja jino la kung'oa. Nilikosea, bovu lilikuwa la jirani yake. Yule daktari aliona, akaling'oa hivyo hivyo, kwa sababu mimi ni Mahenge na watu huogopa kunikatalia." Akalifuta shavu lake kwa leso. "Mimi nauza bati, Daktari. Bati likikosewa, mteja hulirudisha dukani. Jino likikosewa, alirudishe wapi? Jumatatu njoo uchukue ufunguo."

Machozi yakamlengalenga daktari. Ikabidi Sista ndiye ashukuru.

Ila Bibi Atuganile alikuwa bado yuko kitini, kinywa wazi. Daktari akamsafisha meno yote bure mpaka yakang'aa. Bibi akajitazama kwenye kioo, akaridhika nusu, akamnyooshea kadi yake.

"Niandikie hapo kwamba zamu yangu bado ipo. Siku moja likioza, nisije nikaambiwa nilishapokea."

Daktari akaandika, akagonga muhuri.

Funzo: Elimu ya kumvuta mteja ni nzuri, lakini mteja huanza kukuamini siku unapomkatalia kwa faida yake mwenyewe. Kabla hujamwambia ndiyo, jiulize kwanza kama hili ni bati au ni jino.